Mgema Asiye na Postikadi

Katika miji ya Reims na Épernay, kaskazini-mashariki mwa Ufaransa, mtalii haondoki bila kuonyeshwa postikadi za shampeni. Zimechorwa kwa mtindo wa mwaka 1900: bibi wa nywele ndefu ameinua glasi, povu limefurika hadi ukingoni mwa karatasi, mtawa mzee yuko ghalani na mshumaa wake, na jina la kampuni limeandikwa kwa herufi za madaha. Nyingi si za kale. Ni kazi za wachoraji na wachapaji wa leo, na hata ile rangi ya chai iliyo pembezoni imetiwa makusudi ili karatasi ionekane imekaa sandukuni miaka mingi. Zinasimulia historia ya kinywaji, tena kwa fahari. Ukisafiri kutoka Diani kwenda Msambweni, katika kaunti ya Kwale, pwani ya kusini ya Kenya, ukapita Gazi, ukaiona minazi iliyochongwa vipandio tangu chini hadi kileleni, unapita katikati ya kinywaji kingine chenye povu, chenye mafundi wake na taratibu zake za kugawana, ambacho historia yake haijapewa heshima ya namna hiyo. Hoja ya sura hii ni kwamba heshima ya kinywaji haitoki katika ladha yake. Hutengenezwa kwa karatasi: bango, lebo, postikadi, na hatimaye sheria. Dharau nayo hutengenezwa kwa karatasi vilevile. Shampeni ilipata karatasi za aina ya kwanza. Tembo la mnazi la Kwale lilipata za aina ya pili.

Tuanze na Wafaransa, kwa sababu kwao ushahidi uko wazi. Mtawa anayeonekana katika postikadi hizo ni Dom Pérignon, aliyekuwa msimamizi wa maghala ya abasia ya Hautvillers kuanzia 1668 hadi kufa kwake 1715. Husifiwa kuwa ndiye aliyevumbua mvinyo wa povu. Ukweli ni kwamba katika zama zake povu lilikuwa kasoro, na kazi ya fundi mzuri ilikuwa kulizuia, maana mvinyo uliochachuka mara ya pili ndani ya chupa ulivunja chupa yenyewe. Isitoshe, mwaka 1662, kabla hajapewa maghala hayo, Mwingereza Christopher Merret alikuwa tayari amewaeleza wanachuoni wa London jinsi wafanyabiashara wa mvinyo walivyotia sukari ili uchangamke. Sifa za Dom Pérignon zilikuja kupaliliwa baadaye, hasa kwa barua ya mwaka 1821 ya Dom Grossard, aliyepata kuwa mtawa wa abasia hiyohiyo. Yaani hadithi inayopamba postikadi hizo iliandikwa zaidi ya miaka 100 baada ya mhusika kuzikwa. Simwambii msomaji haya ili adharau shampeni. Nataka aone kwamba fahari ile iliundwa na watu waliokaa wakaandika, wakachora, wakachapa.

Na walichora sana. Pierre Bonnard alitoa bango lake la France-Champagne mwaka 1891, akiwa bado kijana asiyejulikana. Alphonse Mucha akaichorea kampuni ya Ruinart mwaka 1896, kisha Moët & Chandon. Mfanyabiashara wa shampeni Eugène Mercier hakutosheka na karatasi: kwa maonyesho ya Paris ya 1889 alisafirisha pipa kubwa ajabu kutoka Épernay, likikokotwa na maksai 24, ili magazeti yapate la kusema. Hicho kilikuwa kipindi ambacho postikadi, iliyozaliwa Austria na Hungaria tarehe 1 Oktoba 1869 ikiwa kadi tupu isiyo na picha, ilikuwa inageuka kuwa picha ya watu wote. Kwa senti chache mfanyakazi wa kiwandani aliweza kushika mkononi ulimwengu ambao mfuko wake usingemfikisha. Hapo shampeni ikapata jambo ambalo ghala haliwezi kutoa. Watu ambao hawajawahi kuionja wakaijua kwa jina, wakaiheshimu, wakaitamani kwa arusi ya mtoto wao. Mwanahistoria Kolleen Guy amelieleza hilo kwa kina: kinywaji cha wilaya moja kiligeuzwa kuwa mali ya taifa zima.

Sasa tupande mnazi. Mgema huenda juu asubuhi na jioni, akiwa na kotama kiunoni na kibuyu begani. Hachumi nazi. Hutafuta karara changa, kabla maua yaliyomo ndani hayajafunuka, akalifunga kwa kamba, akaliinamisha kidogo kidogo kwa siku kadhaa, kisha akakata ncha yake kwa wembamba wa karatasi. Utomvu ukianza kudondoka, hutundika kibuyu, na kila anapopanda hukata tena ili jeraha lisikauke. Akikata sana, huua karara. Akikata kidogo, halitoi kitu. Utomvu ule ni mtamu kwa saa chache tu. Chachu zilizomo hewani na ndani ya kibuyu huanza kazi papo hapo, zikigeuza sukari kuwa kileo na hewa ya kaboni, na hewa hiyo ndiyo povu linalovuma ukitega sikio mdomoni mwa kibuyu. Ni hewa ileile iliyomo ndani ya shampeni. Tofauti ni kwamba Mfaransa aliifungia katika chupa nene, ambamo mgandamizo hufika mara 5 hadi 6 ya ule wa hewa ya kawaida, na mgema huiachia huru. Ndiyo maana shampeni huweza kukaa miaka, na tembo la asubuhi kesho yake limekwisha kuwa siki.

Kazi hiyo ilijengewa jamii nzima. Kwa Wamijikenda, Waduruma na Wadigo wa Kwale wakiwa miongoni mwao, tembo halikuwa kiburudisho tu. Lilimiminwa chini kuwakumbuka waliotangulia, liliwekwa mbele ya wazee posa ilipoletwa, lilikuwa kadzama, yaani kibuyu cha tembo cha kufungulia shauri. David Parkin, mwanaanthropolojia aliyeishi miongoni mwa Wagiriama, Wamijikenda wa upande wa Kaloleni, alitoa kitabu mwaka 1972 ambacho jina lake lenyewe linaunganisha minazi, tembo na mashahidi. Alichokiona kinatuhusu sana hapa. Minazi iliuzwa na kuwekwa rehani bila hati. Kilichokuwa badala ya hati ni wazee waliokuwapo, na wazee walidumishwa kwa ukarimu. Kwa maneno mengine, tembo lilifanya kazi ya karatasi katika nchi isiyotumia karatasi. Hilo ni jambo kubwa kuliko bibi mwenye glasi, na ningependa kumwona mchoraji akilijaribu: baraza la wazee, mboko, kibuyu cha kunywea tembo, unapita mkono kwa mkono, na nyuma yao mnazi unaobadilisha mwenyewe.

Kilichotokea badala yake kinajulikana. Serikali ya kikoloni iliutazama mnazi kwa jicho la mbata. Karara linalogemwa halizai nazi, na nazi isiyozaliwa haikaushwi wala haipakiwi melini. Kwa hiyo mgema akaandikwa katika majalada ya maofisa kuwa mharibifu, mvivu na chanzo cha uvivu wa wenzake. Vikafuata vibali, ada, vizuizi vya mahali na saa. Uhuru ulipokuja, mtazamo haukubadilika sana. Vinywaji vya kienyeji viliendelea kutajwa katika sheria kama tatizo la polisi. Justin Willis, aliyeandika historia ya ulevi Afrika Mashariki tangu 1850 hadi 1999, anaonyesha jinsi swali la nani anywe nini lilivyokuwa sikuzote swali la nani ana mamlaka. Katika jalada la aina hiyo, mgema hana uso. Ana kosa na faini.

Na picha nazo zilikuwapo, ila hazikuwa zake. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 inapita Samburu, katika nyika ya Waduruma ya Kinango, ambako mvua ni haba na mnazi haustawi kama unavyostawi Msambweni. Mwanzoni mwa karne ya 20 reli hiyo ilitangazwa kwa bango mashuhuri lililowaalika makabaila wa Uingereza waje kukwepa baridi katika nyanda za juu, likiwa limejaa wanyama wa porini. Mduruma ambaye garimoshi lilipita katika ardhi yake hakuhusika. Pwani nako wapiga picha hodari wenye asili ya Goa, kama A. C. Gomes wa Unguja na ndugu Coutinho, walitoa postikadi nyingi, ambazo kwa kawaida zilichapishwa Ulaya. Ni hazina, bila hizo tusingejua nyuso za mitaa mingi. Lakini desturi ya biashara ile ilikuwa kumwandika mtu kwa kabila au kwa kazi, bila jina, na kuuweka mnazi nyuma yake kama pambo. Hiyo ndiyo picha iliyorithiwa na utalii wa Diani: mnazi umeinama juu ya mchanga mweupe, na hakuna mtu aliyeupanda.

Atatokea mtu aseme kwamba kulinganisha huku si haki, kwamba Ufaransa ilikuwa dola yenye nguvu na viwanda vya kuchapa, na Kwale haikuwa na hivyo. Ni kweli kwa mwaka 1900. Si kweli kwa leo, na mfano wa kulithibitisha unatoka kwa walewale waliotupiga picha. Goa ina feni, kinywaji kikali kinachotengenezwa kwa mabibo. Kwa muda mrefu kilionekana kinywaji cha watu wa chini. Mwaka 2009 feni ya mabibo iliandikishwa nchini India kama bidhaa ya mahali maalumu, ili asiyekuwa wa Goa asilitumie jina hilo, na mwaka 2016 serikali ya Goa ikaitambua kuwa kinywaji cha urithi. Goa haikuhitaji kuwa dola. Ilihitaji kuandika. Mkorosho, nao, unaota Msambweni na Lunga Lunga. Sisi tunauza korosho na kuyaacha mabibo yaoze chini ya miti.

Pingamizi zito zaidi ni la dini na la madhara, na halistahili kujibiwa kwa haraka. Wadigo walio wengi ni Waislamu, na Uislamu umeharamisha ulevi. Kusherehekea tembo katika pwani ambayo adhana husikika kila kona kunaweza kuonekana ni kuwatusi wenyeji kwa jina la kuwatukuza. Tena kuna familia ambazo ulevi umezila hadi mfupa, na hakuna postikadi inayoweza kulifunika hilo. Nalikubali lote. Lakini tazama historia yenyewe inasema nini. Parkin aliwakuta Wagiriama waliokuwa wakipanua mashamba yao ya minazi ambao walishikwa na pepo wa Kiislamu, na tiba ya pepo huyo ikawa kusilimu, kufunga na kuacha tembo. Kuacha huko kuliwatoa katika mzunguko wa ukarimu uliokula mali, wakatajirika bila kugombana waziwazi na wazee. Basi kutokunywa ni sehemu ya historia ya tembo la pwani, sawa na kunywa. Mfululizo wa kweli wa postikadi ungemchora mwenye shamba aliyeacha, ukamchora mama anayetia siki katika achari, ukachora utomvu mtamu wa asubuhi ambao haujalewesha mtu. Kueleza ufundi si kumwalika mtu kulewa. Anayeficha historia kwa hofu ya dhambi huwaachia wengine waisimulie, na tumeona walivyoisimulia.

Swali la mtindo linanisumbua zaidi kuliko la dini. Mchoraji wa Reims akitaka kuzeesha kazi yake, anarudi mwaka 1900 na kumkuta babu yake akisifiwa. Mchoraji wa Ukunda akirudi mwaka huohuo anamkuta babu yake amesimamishwa mbele ya kamera, ameandikwa kabila chini ya miguu. Hawezi kuiga ukale huo bila kuiga dharau iliyomo. Akiugeza mtindo wa Ufaransa, atapata mgema aliyevalishwa madaha ya Paris, jambo ambalo litauzika hotelini na halitamhusu mtu wa Gazi. Kwa bahati pwani ina karatasi yake ya kale, ila ni ya pamba. Leso ina pindo linaloizunguka, ina mji katikati, ina jina lenye kusema neno. Imechapishwa kwa wingi, imeuzwa kwa bei ya mtu wa kawaida, imesafiri kutoka Mombasa hadi Kongo. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa Mombasa mwaka 1887, lilitia katika leso zake alama ya Mali ya Abdulla, na mnunuzi alijua kwamba bila alama hiyo ameuziwa ya kuigiza. Hiyo ilikuwa lebo halisi, iliyofanya kazi ya lebo ya Ruinart, katika zama zilezile. Postikadi ya mnazi iliyopangwa kwa pindo, mji na jina ingekuwa ya kale kwa haki yake, bila kupakwa rangi ya chai.

Kuna wasemao kwamba tembo halisafiri, basi sifa zake zitaishia wapi? Haliwezi kufika Paris likiwa tembo. Lakini shampeni nayo ilifungwa miguu: hadi amri ya mfalme Louis XV ya mwaka 1728 mvinyo haukuruhusiwa kusafirishwa ndani ya chupa, na baada ya hapo mafundi wa maghala walivaa vinyago vya chuma kujikinga na vioo vilivyolipuka. Jina la mahali lilisafiri kabla kinywaji hakijaweza kusafiri vizuri. Kwa Kwale jambo hilo lina manufaa ya pekee. Kinywaji kinachokufa kesho humlazimu mgeni kuja kilipo, akamlipa mgema mkononi, na postikadi ndiyo anayoondoka nayo.

Nimesema karatasi huishia kwenye sheria, na hapa wahenga walitangulia Wafaransa: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wengi huitumia methali hii kukataza sifa. Mimi naiona kama onyo kuhusu sifa isiyo na mpaka, na historia ya shampeni inaithibitisha. Mabango yalipolikuza jina, wafanyabiashara walianza kuleta zabibu za bei rahisi kutoka bonde la Loire na kusini, wakauza mvinyo wake kwa jina la shampeni. Wakulima wa zabibu, ambao mashamba yao yalikuwa yameharibiwa na wadudu na misimu mibaya, hawakupata kitu. Mwaka 1911 waliinuka. Walimwaga mvinyo barabarani, mwezi Aprili wakachoma maghala katika mji wa Aÿ, na serikali ikaleta wanajeshi. Sheria ya 1927 ndiyo iliyoweka mipaka ya mashamba na masharti ya utengenezaji, na mwaka 1936 jina likalindwa kitaifa. Mwaka 2015 vilima, nyumba na maghala ya Champagne viliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO. Mwenye kutaka kuiga postikadi pekee, akaacha 1911 na 1927, ameiga ganda. Na mchoraji wa Reims anayeuacha mwaka 1911 nje ya mfululizo wake, amemwonea mkulima aliyeilinda shampeni kuliko bibi yeyote wa kwenye bango.

Kwale imekwisha kuwa katika orodha hiyo ya UNESCO, tena miaka 7 kabla ya Champagne. Misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda iliingizwa mwaka 2008, zikiwemo kaya za Waduruma na Kaya Kinondo, iliyo mwendo mfupi kutoka hoteli za Diani. Aliyedhani kwamba urithi ni wa wengine hana hoja tena. Kilichobaki ni hatua ambayo Champagne iliichukua na sisi bado: kukubali kwamba kazi ya mikono inayotoa kinywaji inaweza kuwa urithi sawa na msitu na kaburi. Vyombo vipo. Sheria ya mwaka 2010 ya kudhibiti vileo iliifuta ile iliyoharamisha chang'aa, ikionyesha kwamba kinywaji cha kienyeji kinaweza kusimamiwa badala ya kufukuzwa. Sheria ya mwaka 2016 inalinda maarifa ya jadi na sanaa za jadi za jamii za Kenya. Na Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti, ndani ya kifungu kimoja, leseni za vileo na makumbusho. Serikali ya kaunti ya Kwale inayompa mgema kibali, au kumnyima, ni ileile yenye wajibu wa kuhifadhi ufundi wake.

Kwa hiyo nawaomba watatu. Kaunti iandikishe wagema wake kama mafundi, na iweke masharti ya usafi na ya kutochanganya yanayoweza kufuatwa. Wenye hoteli wa Diani wanunue picha za wachoraji wa Ukunda na Msambweni badala ya kuagiza mnazi uliochorwa ng'ambo. Na mchoraji atakayeichora postikadi ya kwanza ya mfululizo huo, kabla hajaipeleka kwa mchapaji, amwombe mgema ruhusa, amlipe, na aandike nyuma ya kadi jina kamili la mgema huyo.